Shangazi, mkopeshaji wa gari amejitoa kwenye mpango wa madeni

*Shangazi, shikamoo. Natokea Tanga, nina miaka tisa hapa Johannesburg. Madeni yalinizidi, mwanzoni mwa Februari nikaenda kwa mshauri wa madeni, akanipangia kiasi kidogo cha kulipa kila mwezi. Sijaruka hata mwezi mmoja. Sasa, katikati ya Mei, mkopeshaji wa gari ameleta barua kwamba anasitisha mapitio ya deni langu, yaani huo mpango wa mshauri. Mshauri anasema nisijali. Mume wangu hajui, barua nimeificha kabatini chini ya mfuko wa unga. Nifanyeje? — Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kwanza itoe barua hiyo chini ya unga, maana siku zinahesabiwa.

Najua kinachokuchoma ni kwamba umelipa kila mwezi na bado unaitwa mdaiwa sugu. Lakini mkataba wako wa gari bado unataja kiasi cha zamani. Alichokupangia mshauri ni pendekezo tu mpaka hakimu alipitishe, au mkopeshaji mwenyewe alikubali. Kwa hiyo kila ulipolipa pungufu, wewe ulijua umetimiza, ila kwenye hesabu zake malimbikizo yalikuwa yanapanda.

Hapo ndipo kifungu cha 86 cha Sheria ya Taifa ya Mikopo ya Afrika Kusini, ya mwaka 2005, kinapompa nafasi. Mkataba ukiwa na malimbikizo, anaweza kusitisha mapitio ya mkataba huo zikishapita siku 60 za kazi tangu ulipoyaomba kwa mshauri. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Nimekuhesabia, nikatoa tarehe 21 Machi, Pasaka, Siku ya Uhuru na Mei Mosi: zako zimetimia mapema mwezi huu. Hakukurupuka, alikuwa anasubiri. Angalia pia kama taarifa imeenda kwa mshauri na kwa Mdhibiti wa Taifa wa Mikopo, maana sheria inataka wote watatu mpewe.

Sasa swali la kumuuliza mshauri ni moja: ombi langu la kupanga upya madeni limeshafunguliwa mahakamani? Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua kwamba mkopeshaji anaweza kusitisha hata kama ombi liko mahakamani likisubiri kusikilizwa. Watu wengi walibaki hewani. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Machi 2015 yakaliondoa hilo: ombi likishawasilishwa mahakamani, mkopeshaji hawezi tena kusitisha. Basi usipokee "usijali". Taka namba ya kesi, jina la mahakama na nakala yenye muhuri. Akikupa, na muhuri ni wa kabla ya barua ile, mwandikie mkopeshaji leo hii, umwambatanishie.

Mshauri akianza kuzungukazunguka, ujue faili bado liko mezani kwake. Miezi mitatu na zaidi, mwanangu! Hilo linaniudhi, kwa sababu wewe ulifanya sehemu yako. Mlalamikie kwa Mdhibiti, na utafute msaada wa kisheria haraka, kwani mkopeshaji akishangoja siku 10 za kazi tangu taarifa ikufikie anaweza kwenda mahakamani. Akienda, usikae nyumbani. Mahakama hiyo ina uwezo wa kuamuru mapitio yaendelee, na inatazama nani alikwenda kwa nia njema. Risiti zako za kila mwezi ndizo zitakazokusemea. Zipange kwa tarehe.

Akija mtu getini na karatasi ya kusaini kwamba unarudisha gari kwa hiari, usisaini. Bila amri ya mahakama hawezi kulichukua kwa nguvu.

Na amri ya kupanga upya madeni ikishapatikana, usiikiuke hata mara moja. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilithibitisha kwamba ukiivunja, mkopeshaji anaweza kudai deni lote bila kukupa taarifa nyingine.

Mume wako mwambie leo usiku, watoto wakishalala. Mwekee barua na risiti mezani, asome mwenyewe. Gari analiendesha yeye. Asije akayasikia haya kwa mtu wa mahakama asubuhi akiwa na ufunguo mkononi. Atakasirika, mwache akasirike. Kesho mwende wote wawili kwa mshauri, mkaiulize hiyo namba ya kesi.