Kitabu chenyewe kabla ya mwongozo: jibu kwa mzazi wa kijana wa Kidato cha Tatu

Mzazi mwenzangu, umeuliza kwa nini kijana wako wa Kidato cha Tatu, ambaye amezungumza Kiingereza tangu chekechea na hakwami akiongea na wenzake, anarudi nyumbani kila muhula na alama ya C katika somo hilo hilo. Umeuliza pia kama umpeleke masomo ya ziada likizo ya Aprili, au umnunulie miongozo mingine ya vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vilivyopangwa kutahiniwa. Nimefundisha Kiingereza katika shule za kutwa za Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, kwa miaka mingi na swali hili nimelisikia karibu kila siku ya wazazi, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu. Ushauri wangu ni kwamba usinunue mwongozo mwingine hata mmoja, na fedha ulizotenga kwa masomo ya ziada uzitumie kununua vitabu vya kusoma. Kijana wako anakosa mambo mawili ambayo mazungumzo hayawezi kumpa: kusoma kitabu kizima kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kuandika upya kazi ambayo imekwisha kusahihishwa.

Tuutazame mtihani wenyewe, kwa sababu wazazi wengi hulipia maandalizi yake bila kujua unapima nini. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ina alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu, yaani barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, hotuba na mengine ya aina hiyo, 10 za kujaza mapengo, na 30 za stadi za mazungumzo. Ya pili ina alama 80, nazo zimegawanywa kati ya ufahamu (20), dondoo kutoka kitabu teule (25), ushairi au fasihi simulizi (20) na sarufi (15). Ya tatu ina insha tatu za alama 20 kila moja, ambapo moja ni ya kubuni na mbili zinatokana na vitabu teule. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtahiniwa anafungua kinywa. Hata zile alama 30 za stadi za mazungumzo zinapimwa kwa kalamu: anaulizwa ni maneno gani yanatamkwa sawa ingawa yameandikwa tofauti, au angejiandaa vipi kwa mahojiano, naye anajibu kwenye karatasi. Ufasaha wa kijana wako ni mtaji mzuri, lakini ni ufasaha wa masikio na ulimi, na mtahini atakuwa na maandishi tu mbele yake.

Sasa nije kwenye miongozo, ambayo naona ndiyo imetuharibia zaidi usomaji wa wanafunzi wa Nairobi. Mwongozo humpa mwanafunzi muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, na orodha ya maudhui. Akishaumaliza huamini amekisoma kitabu, kumbe amesoma maoni ya mtu mwingine kuhusu kitabu. Swali la dondoo linamfichua mara moja. Anapewa sehemu ya tamthilia au riwaya, kisha anaulizwa ni nini kilichotokea muda mfupi kabla ya hapo, mhusika anaonyesha sifa gani katika maneno haya hasa, mwandishi ametumia mbinu gani ya lugha katika sentensi fulani, na nini kinafuata. Aliyesoma kitabu chenyewe mara mbili hukumbuka mlango uliobishwa hodi na barua iliyokuwa mezani, ilhali aliyesoma mwongozo hukumbuka kwamba mhusika ni «mwenye tamaa» na huandika hivyo hata pale ambapo dondoo linamwonyesha akiwa na huruma. Katika insha za karatasi ya tatu hali ni hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya alama za insha ya kitabu teule hutolewa kwa hoja ambayo mwanafunzi ameitaja, akaeleza tukio linaloithibitisha, na akaonyesha uhusiano wa tukio hilo na swali. Hoja isiyo na tukio hupata alama chache sana, na matukio yako ndani ya kitabu. Mimi mwenyewe ninaposahihisha darasa zima hukutana na sentensi moja iliyonakiliwa katika madaftari kumi, ikiwa na makosa yale yale ya mwongozo ilikotoka.

Zoezi la kujaza mapengo lina nafasi kumi tu, na neno moja kwa kila nafasi, lakini kwangu ndilo kipimo cha haraka zaidi cha nani anasoma na nani hasomi. Maneno yanayokosekana kwa kawaida si magumu. Ni viunganishi, vihusishi na vitenzi ambavyo huandamana na maneno fulani kwa mazoea tu. Hakuna kanuni ya kukariri itakayomfundisha mtoto kihusishi kipi hufuata kitenzi kipi katika Kiingereza. Anayeyajua ameyaona mara nyingi katika kurasa nyingi, mpaka neno lisilofaa likaanza kumkera machoni. Kwa hiyo nikimwona mwanafunzi anaongea vizuri lakini anapata alama tatu kati ya kumi hapo, simtafutii zoezi jingine la kujaza mapengo. Namtafutia riwaya.

Kuhusu uandishi ningependa uelewe jinsi insha ya kubuni inavyopimwa, kwa sababu hapo ndipo C ya kijana wako inapotoka. Watahini huiweka insha katika daraja moja kati ya manne. Daraja la D, alama 1 hadi 5, ni la insha ambayo msomaji analazimika kukisia maana yake. La C, alama 6 hadi 10, ni la insha ambayo ujumbe wake unafika, lakini kwa kukatika katika na kwa makosa mengi. La B, 11 hadi 15, ni la mtu anayeandika kwa mtiririko na kuitawala lugha yake. La A, 16 hadi 20, linahitaji uvutio na ubunifu wa mwandishi mwenyewe. Umbali kati ya C na B hauzibwi na misamiati mizito wala na zile aya za ufunguzi zinazokaririwa, ambamo jua huchomoza na ndege huimba hata kama kichwa cha insha ni ajali ya barabarani. Unazibwa na sentensi safi: nyakati za vitenzi zisizobadilika katikati ya aya, nukta iliyowekwa mahali pake badala ya mkato baada ya mkato, na wazo moja lililokamilishwa kabla ya jingine kuanza. Makosa ambayo wanafunzi wetu hurudia yanajulikana. Wanaofikiri kwa Kiswahili au Sheng hubadilisha jinsia ya mhusika njiani, maana kwetu kiwakilishi kimoja humtosha mwanamume na mwanamke, na huacha vile vijineno vinavyotangulia nomino za Kiingereza, ambavyo sisi hatuna. Makosa ya namna hii yanarekebishika, ila hayarekebishwi kwa kusikiliza mhadhara.

Hapa lazima niwatetee walimu wenzangu. Chukua shule ya kutwa ambapo darasa lina wanafunzi 60 na mwalimu mmoja ana madarasa matatu. Akitoa insha moja kwa wote, zitamfikia insha 180, na akizitengea dakika tano kila moja, hizo ni saa 15 za kusahihisha nje ya vipindi vyake, maandalizi yake na zamu yake. Ndiyo maana katika shule nyingi insha huandikwa mara chache kwa muhula, hurudi baada ya majuma kadhaa ikiwa na alama na mistari myekundu, mwanafunzi hutazama alama, hufunga daftari, na kila kosa hubaki lilipokuwa. Kazi ya kusahihisha imefanyika, lakini mafunzo hayajaanza, kwa sababu mwanafunzi hujifunza anaporudi kwenye sentensi ile ile na kuijenga upya kwa mkono wake.

Kwa hiyo darasani kwangu sidai insha nyingi. Nadai aya moja iandikwe tena. Mwanafunzi huchagua aya iliyojaa wino mwekundu kuliko zote, huiandika upya ukurasa wa pili, huisoma kwa sauti kwa jirani yake, kisha huiandika mara ya tatu. Nilikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu aliyejaza insha zake maneno ya kukariri kiasi kwamba sikujua yeye mwenyewe anafikiri nini. Nilimwomba aniandikie aya kuhusu steji ya Donholm saa kumi na mbili asubuhi, bila neno lolote ambalo hajawahi kulitumia akizungumza. Aya ya kwanza ilikuwa ya mistari minne mikavu. Ya pili ilikuwa na makanga anayepandisha nauli mvua inapoanza kudondoka, na mama mwenye gunia la sukuma wiki anayesukumwa kando kwa sababu mzigo wake utachukua nafasi ya abiria. Ya tatu ilikuwa hiyo hiyo, lakini vitenzi vyote vilikuwa katika wakati mmoja na mama yule hakuitwa mwanamume popote. Hilo halikuhitaji kitabu cha misamiati. Lilihitaji aandike kitu alichokiona kwa macho yake, na apewe nafasi ya kukirudia.

Umesema kwamba Kiingereza chako mwenyewe si cha kumsaidia mtoto wa sekondari, na kwamba ndiyo sababu unafikiria masomo ya ziada. Kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo yeyote anayekuahidi darasa la Aprili shuleni anakiuka sheria. Pili, una uwezo mkubwa kuliko unavyodhani. Kijana akisoma sura moja jioni, mwambie akusimulie kwa Kiswahili: nani alifanya nini, kwa nini, na yeye mwenyewe angefanyaje mahali pa mhusika huyo. Asiyeelewa alichosoma hawezi kukisimulia kwa lugha yoyote, na utamgundua bila kujua neno moja la kitabu kile. Baada ya masimulizi, aandike sentensi nne au tano za Kiingereza juu ya aliyokueleza. Huo ndio ufupisho ambao mtihani unaudai, nao anaufanya mezani kwenu bila malipo.

Usidharau hadithi zenu za nyumbani pia. Fasihi simulizi imo katika silabasi yetu ya Kiingereza, na jambo hilo lina historia ya hapa hapa Nairobi. Mwaka 1968 wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe na mahali pake iwe idara inayoanzia kwenye fasihi ya Afrika, ikiwemo ile isiyoandikwa. Mtoto anayeijua ngano ya bibi yake, pamoja na wimbo na kibwagizo chake, huingia katika swali la ngano akiwa na kitu mkononi.

Vitabu vyenyewe si lazima viwe ghali. Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kufungiwa Waafrika kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, ni ya umma leo, na ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu kabisa na mnakoishi. Katikati ya jiji kuna vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia, na huko riwaya hupatikana kwa bei ya chini sana kuliko mwongozo mpya. Mwache achague mwenyewe. Akichagua riwaya ya upelelezi nawe ulitaka ya historia, nyamaza, maana jambo la kwanza ni amalize kitabu. Anayemaliza kimoja kwa hamu hutafuta cha pili. Gazeti nalo linafaa, hasa tahariri, kwa kuwa ni fupi na ina hoja iliyopangwa.

Umegusia pia binti yako wa Gredi ya 8. Kaka yake ni wa kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, litakalofanya KCSE mwaka 2027, lakini yeye ataingia sekondari ya juu ya mfumo mpya, ambapo atachagua mojawapo ya njia tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ile ya sayansi za jamii; au ile ya sanaa na michezo. Kiingereza kitabaki cha lazima katika njia zote, huku fasihi ya Kiingereza ikiwa somo la kuchagua upande wa sayansi za jamii. Nina wasiwasi kwamba atakayechagua sayansi anaweza kufikia chuo bila kulazimishwa kusoma riwaya nyingi, kwa hiyo mazoea ya kusoma yajengwe sasa, nyumbani, kabla hajafika huko.

Kwa likizo hii ningefanya hivi. Miongozo iwekwe kabatini. Kijana asome kila kitabu teule tangu mwanzo, nusu saa kila siku bila simu karibu, na akimaliza sura akusimulie. Kila Jumamosi atoe insha moja ya muhula uliopita, achague aya moja na kuiandika upya mara mbili, kisha muhula ukifunguliwa ampelekee mwalimu wake aya hizo. Sijamwona mwalimu wa Kiingereza ambaye angekataa kusoma aya moja iliyoandikwa upya kwa hiari. Usitarajie mtihani wa kwanza wa muhula wa pili kuonyesha tofauti. Alama za kujaza mapengo ndizo hupanda mwanzo, dondoo hufuata, na insha huja mwisho. Ukitaka kujua kama kazi inasonga kabla ya hapo, fungua daftari lake na ulinganishe aya ya kwanza na ya tatu.