Siku zimepita: ni mimba au ni mawazo?

Swali hili huniijia mwaka mzima kazini kwangu kama mkunga hapa Mombasa, na huzidi mwezi wa Mei, watalii wanapopungua na hoteli zinapowarudisha watu nyumbani. Naanza na lile lisilongoja.

Dada, siku zangu zimechelewa wiki mbili. Tangu jana natoka matone ya damu na tumbo lauma sana chini, upande wa kushoto. Nina mawazo mengi, labda ndiyo sababu? (Likoni)

Usingoje kesho. Huenda mimba imetunga kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka damu huvujia ndani, hata kama ya nje ni matone tu. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega ni mambo ya hospitali saa hiyo hiyo. Nenda ya hapo Likoni au vuka feri uende Coast General, hata ikiwa usiku, na usiende peke yako. Mawazo hayatoi matone na maumivu ya namna hiyo.

Nafanya kazi hotelini Nyali na tumeambiwa wengine watapumzishwa. Nimechelewa siku tisa, nimechoka, asubuhi nasikia kichefuchefu. Nimepima, mstari ni mmoja. Niamini kipi?

Mawazo yakizidi, ubongo hupunguza homoni zinazoamrisha yai lipevuke. Yai likichelewa kutoka, hedhi nayo husogea, maana huja kiasi cha wiki mbili baada ya yai. Kwa hivyo siku tisa unazohesabu huenda si za mimba hata kidogo. Lakini pia, ikiwa yai lilichelewa na mkakutana siku hizo, mimba ingali changa mno kuonekana kwenye mkojo. Ndiyo maana mstari mmoja leo haujafunga hesabu.

Hesabu siku 21 tangu mara ya mwisho mlipokutana bila kinga, kisha upime tena kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Soma jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukikiacha kipimo kwenye sinki ukakitazama jioni, unaweza kuona kivuli cha mstari wa pili, kijivu, kisicho na rangi. Hiyo ni alama ya mkojo uliokauka, usiihesabu. Mstari wenye rangi ukitokea ndani ya muda, hata ukiwa hafifu, uchukulie kuwa ni mimba na uende kliniki uanze vidonge vya foliki. Mawazo, yawe mengi vipi, hayaleti mstari wa pili.

Kuhusu kichefuchefu: cha mimba wengi hukianza kama wiki ya 6 tangu hedhi ya mwisho, huja saa yoyote, na mara nyingi huamshwa na harufu. Jirani anakaanga vitunguu, nawe unakimbilia chooni. Cha mawazo hufuata jambo: hukushika ukivaa sare za kazi, na siku ya mapumziko hukioni. Usingizi nao husema kitu. Mwenye mimba changa husinzia hata ndani ya matatu. Mwenye mawazo huchoka kutwa, usiku akakodoa macho. Hata hivyo nimewaona wanawake wa kila namna, kwa hivyo kipimo kitangulie dalili. Ukiwa na homa, usiitwike mimba wala mawazo. Kapime malaria, hapa kwetu Pwani haichezewi. Na hadi ujue hali yako, usikubali kuuziwa dawa ya "kurudisha siku".

Shangazi amenikojolesha kwenye bakuli la chumvi. Limetoa povu. Basi ni mimba? (Majengo)

Hapana, hilo halikuambii kitu. Kipimo cha dukani hutafuta homoni inayotengenezwa na mimba yenyewe. Chumvi, sukari na dawa ya meno haziitambui. Mshukuru shangazi kwa kukujali, kisha ununue kipimo.

Mtoto wangu ana miezi minane, ameanza uji, na hedhi haijarudi. Nimechoka kupita kiasi. Mamangu asema anayenyonyesha hashiki mimba. (Kisauni)

Mama amesema nusu. Kunyonyesha hukinga pale mambo matatu yanapokutana: mtoto hajatimiza miezi 6, anaishi kwa ziwa tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Wako ashavuka miezi na anakula. Yai hutoka kabla ya hedhi, hivyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja tangu ajifungue. Pima. Mstari ukiwa mmoja, rudia baada ya wiki, kisha kliniki wakupe njia ya uzazi wa mpango isiyopunguza maziwa. Uchovu wa kuamka usiku nao ni wa kweli: mwombe mama amshike mtoto mchana nawe ulale.

Nilimeza P2 na sasa hedhi haijaja. (Mikindani)

P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hufanya kazi kwa kuchelewesha yai, kwa hivyo hedhi huweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa. Ikipita wiki nzima zaidi ya ulivyotarajia, pima.

Tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa. Hedhi yangu haikosi. Kila mwezi kabla haijaja, matiti hujaa, chakula hunichefua, nasema safari hii ndiyo, halafu damu. Mawifi zangu wasema mawazo yangu ndiyo yanayozuia. (Mji wa Kale)

Pole sana, dadangu. Huyazui hayo kichwani. Yai likishatoka, mwili humwaga homoni iitwayo projesteroni, mimba iwepo isiwepo, na ndiyo hujaza matiti na kukulegeza. Kabla siku hazijapita, hakuna dalili inayoweza kukutofautishia.

Mawifi hawana haki ya kukutwika lawama. Mawazo makali huweza kuvuruga yai, ila hedhi inayokuja kwa wakati kila mwezi huonyesha kwamba yai lako yaelekea latoka. Wenzi wakitafuta miezi 12 bila kupata, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, hupimwa wote wawili. Sababu hutoka upande wa mume mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, na kipimo cha manii ni chepesi kuliko vya mirija utakavyofanyiwa wewe. Nendeni pamoja, na mumeo atangulie kupima.