“CD4 yangu” au “CD4 zangu”? Na hiyo kawaida ni ya nani?

Msomaji wa Mbeya anauliza: “Nilijitolea kupimwa damu katika utafiti uliotafuta watu wazima wenye afya. Majibu yalionyesha CD4 470, na pembeni pameandikwa ‘kiwango cha kawaida ni kati ya 500 hadi 1,500’. Daktari amesema sina virusi vya UKIMWI wala tatizo lolote. Je, niseme CD4 yangu si ya kawaida, au CD4 zangu si za kawaida?”

CD4 ni aina ya seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili dhidi ya magonjwa. Yangu na zangu zote ni sahihi, ila hazibadilishani ovyo. Kinachoamua ni nomino iliyofichika nyuma ya CD4. Ukiwaza seli, utasema “CD4 zangu zimepungua” au “nina CD4 chache”. Ukiwaza idadi, utasema “CD4 yangu imeshuka” au “CD4 yangu ni ndogo”. Seli hupungua, idadi hushuka. “Seli ndogo” ni jambo jingine kabisa, maana hapo unazungumzia umbo lake. Na wale wanaoziita askari wa mwili, kama wengi kliniki wanavyosema, wafuate ngeli ya A-WA: askari wamepungua.

Karatasi yenyewe ina kosa ambalo hata magazeti hulirudia. “Kati ya” hufuatwa na “na”: kati ya 500 na 1,500. “Hadi” huenda na “kuanzia” au “kutoka”.

Sasa neno zito, kawaida. Ukisema kitu si cha kawaida, Mswahili anasikia kuna kasoro, na mtu mzima wa afya anarudi nyumbani na hofu. Lakini tazama viwango hivi vinavyopatikana. Watafiti hukusanya watu wenye afya, na mwongozo unaofuatwa sana unataka wasipungue 120 kwa kila kundi. Huwapima, hupanga majibu kutoka la chini hadi la juu, kisha huacha nje asilimia 2.5 kila upande. Kwa hesabu hiyo, katika kila watu 20 wenye afya, mmoja hivi ataangukia nje ya kiwango, na afya yake iko palepale.

Tena, hao waliopimwa walikuwa nani? Ile 500 na 1,500, kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu, imetokana zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Watu wazima wa Ethiopia wenye afya wameonekana kuwa na CD4 chache kuliko Wazungu. Wanawake kwa jumla wanazo nyingi kuliko wanaume, na damu ya mtu yuleyule huwa nazo nyingi jioni kuliko asubuhi. Hata nyutrofili, seli nyeupe zinazowahi kukabili bakteria, ni chache kwa Waafrika wengi kwa sababu ya urithi tu, bila ugonjwa. Ndiyo maana ni jambo la kushukuru kwamba mwaka 2008 zilichapishwa tafiti zilizopima watu wazima wa Mbeya kwenu na wa Kericho, Kenya, ili maabara zetu ziwe na vipimo vya watu wetu.

Kwa hiyo neno kawaida lina haki ya kuulizwa: kawaida ya wapi, ya nani? Mimi napendelea “kiwango rejea”, kwa kuwa kinatuambia jibu limelinganishwa na kitu, bila kumhukumu mwenye damu.

Ndugu msomaji, sema hivi: “CD4 yangu iko chini ya kiwango rejea kilichotumika.” Nao wanaochapa karatasi za majibu ningewaomba waandike “Kiwango rejea, watu wazima wenye afya: kati ya … na …”, kisha wataje watu hao walipimwa wapi.