Aliniuliza mbona nimebadilika, nikakwepa

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani huku Tanga, nina miaka 31, nimeokoka mwaka jana. Kibarazani tunakaa mafundi wawili, mimi na dada mmoja Muislamu, tumezoeana sana tunakula sahani moja. Kanisani kila Jumapili tunaambiwa tukawashuhudie majirani ila mimi mdomo unakuwa mzito, maandiko siyajui mengi na naogopa tusije tukagombana. Sasa juzi akaniuliza, "we siku hizi mbona huwaongopei wateja?" maana zamani wote tulikuwa tunasema njoo kesho imebaki vifungo tu, na kitambaa hata hakijakatwa. Nikamjibu aa, nimechoka tu kelele zao. Tokea hapo sina amani. Je nimemkana Yesu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ushuhuda ulishaanza wewe hujui. Huyo dada hajakuuliza habari za Biblia, kakuuliza habari za vifungo! Miezi yote hiyo alikuwa anakuangalia unavyomwambia mteja ukweli, "mama nguo yako bado, njoo Ijumaa", na Ijumaa kweli nguo ipo. Kwa fundi cherehani wa kwetu hilo ni jambo kubwa, wote tunajua tulivyohangaishwa na nguo za sikukuu.

Ila na mimi nikuambie ukweli, lile jibu ulilompa nalo lilikuwa "njoo kesho". Aliuliza kitu cha kweli ukampa cha kumwondoa tu. Ndo maana huna amani, na mimi nafurahi huna, ingekuwa umelala usingizi mzuri ningeogopa zaidi. Lakini usijihukumu kupita kiasi. Petro alikana mara tatu uani pale watu wakiota moto, alafu Yesu huyo huyo akaja kumwandalia samaki na mkate ufukweni, akampa na kazi ya kuchunga kondoo. Kwahiyo rudi tu kwa mwenzio. Subiri mkiwa wawili, wateja hawapo, umwambie hivi, dada juzi uliniuliza nikakujibu uongo, ukweli ni kwamba nimempokea Yesu na tangu hapo kudanganya kunanichoma, nimeshindwa kuendelea. Basi. Kisha nyamaza, umwache aongee yeye.

Kuhusu maandiko soma Yohana sura ya 9, yule kipofu aliyeponywa. Mafarisayo walimbana kwa maswali makubwa, hakuwa msomi, akawaambia hilo mimi sijui, ninachojua nilikuwa kipofu na sasa naona. Na wewe ukiulizwa usichokijua sema sijui, ntaenda kuuliza, hakuna aibu hapo. Petro nae kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 15, anasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, ila kwa upole. Huo upole watu wengi wanauruka. Usiguse dini yake, usishindanishe vitabu, na yeye akitaka kukueleza imani yake msikilize mpaka mwisho kama unavyotaka akusikilize wewe. Akisema hataki tena hayo mazungumzo, acha, na mchana mle sahani moja kama jana.

Kuna jambo lingine naliweka hapa maana nawajua mafundi. Ule uamsho ulioanza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ukaenda Uganda, Burundi, Kenya mpaka huku kwetu Tanganyika, wazee wetu waliookoka wakati ule walijulikana kwa kutubu mbele za watu na kurudisha vitu walivyoiba. Mtu anabisha hodi kwa jirani ana jembe mkononi, anasema hili ni lako nililichukua mwaka juzi. Majirani walishangaa kuliko wangehubiriwa wiki nzima. Sasa wewe mwanangu, vile vitambaa vya wateja vilivyokuwa vinabaki mita mita ukaviweka chini ya meza, bado unavyo? Kama mwenyewe unamkumbuka mpelekee, na kama mwenzio atakuona ukivifunga akauliza tena, safari hii usikwepe.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Kwenye grupu la wasap la kazini nilikuwa naweka mistari kila asubuhi, bosi kaniambia niache, grupu ni la kazi. Ni mateso haya kwa ajili ya Kristo?

JIBU: Amina kijana wangu. Hapana, siyo mateso, bosi yuko sahihi. Grupu lile ni la ratiba na mizigo, na mtu anayetafuta meseji ya zamu yake akikutana na mistari 6 anapitisha kidole tu, hasomi. Weka kwenye status yako, anayetaka atafungua. Ila nakuomba kitu kigumu kidogo, chagua mtu mmoja hapo kazini, yule aliyefiwa au anayeuguza mtu nyumbani, umwombee kwa jina kila siku, na jioni moja uende kwake ukakae nae hata saa moja, simu iache mfukoni.