Gari la mkononi kwa milioni 6, Mtwara
Kaka, kwa milioni 6 hapa Mtwara gari la mkononi unapata, ila usinunue msimu wa korosho. Watu wakishalipwa, wauzaji hawashuki bei. Subiri masika, mifuko ikikauka. Tafuta Toyota Starlet au Vitz namba C (herufi za namba ya usajili zinaanza na C), spea zake hazisumbui na kila fundi anazijua. La muhimu kuliko yote ni kutu. Chumvi ya bahari inatafuna bodi huku juu rangi inang'aa, kwa hiyo ingia uvunguni, gonga chini ya milango, funua kapeti la buti. Ukikuta huko chini pamepakwa rangi nyeusi mpya, huenda inaficha kutu, achana nalo. Namba ya chesisi ilingane na kadi ya gari, na faini za trafiki muuzaji azilipe kwanza.