Mfuko wa damu, beseni la maji moto na mgonjwa anayetetemeka

SWALI: Mimi ni nesi, ndio kwanza nina miezi michache wodini. Damu ikiletwa ikiwa baridi, wenzangu hutumbukiza mfuko kwenye beseni la maji moto, wakisema baridi ndiyo inayomtetemesha mgonjwa. Ni sawa? Na akianza kutetemeka damu ikiwa inaingia, nipunguze matone au nifunge kabisa?

JIBU: Funga kabisa. Nitarudi hapo, kwanza tumalizane na beseni.

Beseni halina kipimo. Chembe nyekundu zikipata joto linalozidi nyuzi 42 huanza kupasuka, na hemoglobini, ile rangi nyekundu iliyomo ndani yake, ikimwagika huenda kuumiza figo. Tena maji hayo si safi, na midomo ya mfuko imo humo humo. Damu inayoingia kwa kasi ya kawaida haihitaji kupashwa moto. Inachanganyika na damu ya mgonjwa na kupata joto lake njiani. Anayehitaji damu ya vuguvugu ni yule anayepewa nyingi kwa haraka, kama aliyetokwa na damu nyingi, au mtoto mchanga anayebadilishwa damu, na hapo hutumika mashine maalumu.

Beseni pia linakula muda. Mfuko uliokaa nje ya jokofu zaidi ya dakika 30 haurudishwi kuhifadhiwa, na damu yote iwe imekwisha kuingia ndani ya saa 4 tangu itoke. Kwa hiyo tafuta mshipa kwanza, kanula, kile kijibomba cha mshipani, ikae vizuri, ndipo utume mtu akachukue damu.

Sasa kutetemeka. Huenda ni homa tu inayoletwa na damu, ambayo hupoa. Huenda pia mgonjwa amepewa kundi lisilo lake, na kwa dakika za mwanzo huwezi kutofautisha kwa macho. Mtu wa kundi O tayari ana kingamwili, yaani askari wa mwili walio kwenye damu, dhidi ya A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu, ndiyo maana mashambulizi huanza mara moja, na mililita chache zinatosha kumtia hatarini. Ukipunguza matone unaendelea kumpa kile kile, polepole.

Ukishafunga, kanula ibaki. Ondoa mpira wote wenye damu, unganisha mpira mpya wenye salini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, usiisukumie ndani ile damu iliyobaki mpirani. Muulize kama kiuno kinauma, kifua kinabana au mkono unachoma kwenye kanula. Pima joto, presha, mapigo na upumuaji huku daktari akiitwa. Soma upya jina na namba kwenye mfuko na kwenye mkanda wa mgonjwa, kisha iambie maabara upesi: kama mifuko imebadilishana, kuna mgonjwa mwingine anayekaribia kutundikiwa wa huyu. Mfuko na mpira wake virudi maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na ya mkojo. Nimeshaona mfuko ukitupwa kwenye pipa kwa hofu, na ushahidi wote ukaenda nao.

Aliye usingizini au asiye na fahamu hatalalamika. Kwake utaona presha ikishuka, au mkojo mweusi kwenye mfuko wa katheta, mpira wa kutolea mkojo.

Ndiyo maana tunaanza taratibu, kama mililita 2 kwa dakika, na tunakaa naye dakika 15 za kwanza. Kukaa naye, si kumchungulia kutoka mezani.

Hukuuliza, lakini makosa mengi ya kundi huanza kabla damu haijafika. Mtu anatoa sampuli za wagonjwa wawili, anaandika majina kwenye chupa akiwa ofisini, na maabara inalinganisha damu kwa usahihi kabisa na sampuli ya mtu mwingine. Andika pale pale kitandani. Wakati wa kutundika, usiulize "Wewe ndiye fulani?" Mgonjwa aliyechoka huitikia lolote. Uliza "Unaitwa nani?" na tarehe ya kuzaliwa. Manesi wawili wakague kila mmoja kwa macho yake. Mmoja akisoma na mwenzake akijibu "ndiyo, ndiyo" kama kibwagizo, aliyekagua ni mmoja tu.

Na kwenye mpira wa damu usipitishe dekstrozi (maji ya sukari), inapasua chembe, wala Ringa lakteti, dripu nyingine ya chumvi, ambayo kalsiamu yake inaweza kuigandisha damu.