Rangi mbili, uzi mmoja mkononi

Dada, kwa blanketi la mtoto upo mtindo wa kufuma kwa sindano mbili, wa vinundu vya rangi mbili, usiokulazimisha kushika nyuzi mbili kwa pamoja. Anza na vitanzi vya idadi witiri. Fuma mistari miwili myeupe, vitanzi vya kawaida tupu. Kisha shika uzi wa buluu: fuma kimoja, kinachofuata kihamishie sindano ya pili bila kukifuma, uzi ukiwa nyuma, endelea hivyo hadi mwisho wa mstari, malizia kwa kufuma. Ukigeuza, fuma vya buluu na uhamishe vilevile vyeupe, ila sasa uzi upite mbele, upande unaokutazama. Hapo kuwa makini sana, la sivyo uzi utatokeza usoni mwa blanketi. Rudia kuanzia nyeupe. Mtindo huu hujivuta, kwa hiyo chukua sindano za 5 mm badala ya 4. Usikate uzi, upandishe pembeni bila kuukaza.